Dhiki, Pumzi na Taamuli: Maelezo ya Msongo wa Mawazo kwa Mfano wa Kitshanga

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza mambo matatu ambayo aghalabu hujadiliwa mbalimbali: msongo wa mawazo kama unavyoelezwa na wanasaikolojia, taamuli kama njia mojawapo ya kuupunguza, na maneno ambayo wasemaji wa Kiswahili huyatumia wanapozitaja hali hizo. Mfano wetu mkuu ni Kitshanga, mji mdogo wa wilaya ya Masisi katika jimbo la Kivu Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mji huo tumeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, wakazi wake wameishi na vita kwa zaidi ya miaka 30. Kwa hiyo swali la kama moyo unaweza kutulia katika nchi isiyotulia ni swali lao la kila siku. Pili, vijana wa huko wanaobahatika kufika chuo kikuu hufundishwa saikolojia kwa Kifaransa, na wanaporudi nyumbani huwakuta watu wanaoyasema maumivu yao kwa Kiswahili, Kihunde na Kinyarwanda.

Mwandishi wa makala haya ni mwanafunzi, na anaandika kwa ajili ya wanafunzi wenzake na walimu wao. Hoja anayoitetea ni hii: taamuli ni kifaa cha kweli chenye faida iliyopimwa, lakini kifaa hicho hutumika vizuri pale tu tunapotambua ni mzigo upi kinaoweza kuutua na ni mzigo upi kisichoweza. Ili kuufanya utambuzi huo, twaanza na maneno yenyewe.

2. Maneno ya wembamba na maneno ya nafasi

Istilahi iliyoenea leo katika Kiswahili sanifu ni msongo wa mawazo. Neno msongo latokana na kitenzi songa, chenye maana ya kubana, kukandamiza na kusukumana. Ndicho kitenzi kinachotumika kwa mpishi asongaye ugali, yaani aukandamizaye na kuugeuza kwa mwiko mpaka ushikane. Kwa picha ya lugha yenyewe, basi, mwenye msongo wa mawazo ni mtu ambaye mawazo yake yamebanana hata hayana nafasi ya kupishana.

Neno la zamani zaidi ni dhiki. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya msingi ni wembamba au ufinyu: mahali pasipopitika kwa urahisi. Hata neno ambalo Waingereza na Wafaransa hulitumia kwa hali hiyohiyo limetokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kukaza. Hivyo lugha zisizo na udugu zimekubaliana kwamba mwenye shida hujiona amebanwa. Kinyume cha dhiki ni faraja, neno jingine la asili ya Kiarabu, ambalo mzizi wake unahusu kufunguka na kupata mwanya. Mtu asemaye "baada ya dhiki faraja" anasema, kwa maneno mengine, kwamba baada ya njia nyembamba huja uwazi. Methali hii hutumiwa sana kama pole, lakini ndani yake mna nadharia: kumfariji mtu ni kumpatia nafasi.

Katika Kiswahili cha Kivu, mtu aliyelemewa hasemi kwamba ana msongo. Husema: "Niko na mawazo mingi." Au huutaja mwili: roho inauma, kichwa kimejaa, usingizi umekataa. Msomaji aliyezoea Kiswahili sanifu aweza kuiona kauli hiyo ya kwanza kuwa nyepesi, kwa kuwa kila mtu ana mawazo. Huko haisemwi kwa wepesi. Ndiyo namna ya kumjulisha jirani kwamba mambo yamezidi uwezo. Wasemaji wa Kishona nchini Zimbabwe wana neno moja kwa jambo hilo, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Mjini Harare daktari Dixon Chibanda na wenzake walilichukua neno hilo kama lilivyo, wakawafundisha akina mama watu wazima wa mtaani kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuzungumza nao. Jaribio lao la kitaalamu, lililohusisha watu 573 katika zahanati 24 na kuchapishwa mwaka 2016, lilionyesha kuwa waliopata mazungumzo hayo walipungukiwa na dalili za unyonge kuliko waliopata huduma ya kawaida. Tiba ilianzia katika neno la wenyeji.

Saikolojia nayo hutofautisha mawazo yanayofanya kazi na mawazo yanayozunguka. Mawazo ya kwanza hutafuta njia, yakaipata au yakaikosa, yakaisha. Ya pili hurudia jambo lilelile pasipo kufika popote. Wataalamu hulinganisha hali hiyo na mnyama anayecheua. Katika Masisi, nchi ya malisho na ng'ombe, mfano huu hauhitaji kufafanuliwa. Ila tofauti moja inafaa kutajwa. Ng'ombe akicheua hupata lishe, na mtu akicheua huzuni yake huidumisha.

3. Mwili unapopiga mbiu

Maelezo ya kisayansi ya msongo hayana umri mrefu. Mwaka 1915 Walter Cannon, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard, alieleza jinsi mwili wa mnyama aliyeona hatari unavyojiandaa kupigana au kukimbia: moyo hudunda upesi, pumzi hufupika, damu huelekezwa kwenye misuli, na tumbo husimamisha shughuli zake. Mwaka 1936 Hans Selye, aliyekuwa akifanya utafiti mjini Montreal, alichapisha taarifa fupi iliyoonyesha kuwa panya waliopatwa na madhara ya namna mbalimbali walionyesha mabadiliko ya mwilini yaliyofanana. Alizieleza hatua tatu: mbiu, wakati mwili unapoamshwa, ukinzani, wakati unapostahimili, na uchovu, wakati akiba yake inapokwisha.

Mbiu hiyo hupigwaje? Ndani kabisa ya ubongo mna kijisehemu kiitwacho amigdala, ambacho huwa chepesi kutambua hatari kabla akili haijamaliza kufikiri. Habari hufika kwenye tezi za adrenali zilizo juu ya figo, nazo humwaga adrenalini katika damu, na baadaye kidogo kotisoli, ambayo huufanya mwili utoe sukari ya kutumia. Utaratibu huu ni neema. Bila huo, mtu asingeruka kando gari lipitapo kwa kasi, wala mwanafunzi asingekesha kwa bidii usiku wa kuamkia mtihani. Tatizo halitokani na kupigwa kwa mbiu. Linatokana na mbiu isiyonyamaza. Upinde uliovutwa kutwa kucha hupoteza nguvu zake. Kadhalika mwili uliokaa macho kwa miezi hukosa usingizi, tumbo huvurugika, kichwa huuma, hasira hukaribia, na kumbukumbu hupotea.

Jambo la tatu la kukumbukwa lililetwa na Richard Lazarus na Susan Folkman katika kitabu chao cha mwaka 1984. Waliona kwamba msongo hautokani na tukio peke yake. Kati ya tukio na msongo ipo tathmini ya mtu mwenyewe, anayejiuliza maswali mawili: je, jambo hili linanihatarisha? Na je, nina uwezo wa kulikabili? Tathmini hiyo hufanyika haraka, mara nyingi bila mtu kujua. Wanafunzi wawili wanaopewa swali moja la mtihani hawapati msongo ulio sawa. Kutokana na hoja hii twaona njia mbili za kumsaidia aliyebanwa: kubadili hali inayombana, au kumwongezea uwezo wa kuikabili. Tutairejea tofauti hiyo, kwa kuwa ndiyo kiini cha makala.

4. Kitshanga: dhiki yenye historia

Mji wa Kitshanga uko kwenye barabara itokayo Sake kuelekea Mweso, katika nyanda za juu zenye rutuba. Rutuba hiyo ni sehemu ya historia yake. Kati ya mwaka 1937 na 1955 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji iliendesha mpango wa kuwahamishia Masisi maelfu ya watu kutoka Rwanda, na maswali ya ardhi na uraia yaliyoachwa na mpango huo hayakupata jibu lililoridhisha wote. Mwezi wa Machi 1993 mapigano yaliyoanzia Ntoto, katika wilaya ya Walikale, yalienea hadi Masisi. Mwaka uliofuata wakimbizi wapatao milioni 1 waliingia Kivu kutoka Rwanda, na vita vya mwaka 1996 vikafuata. Miaka ya 2006 hadi 2009 Kitshanga ilikuwa katika eneo lililoshikwa na kundi la CNDP la Laurent Nkunda. Kambi za waliohama makwao, zikiwemo Kahe na Mungote, zikawa sehemu ya mji. Mwishoni mwa Februari na mwanzoni mwa Machi 2013 jeshi la serikali na kundi la APCLS walipigana mjini humo, na sehemu kubwa ya mji ikateketea. Tarehe 26 Januari 2023 kundi la M23 liliuteka mji, na mwezi wa Oktoba mwaka huohuo ukawa uwanja wa mapigano tena. Wengi waliokimbilia kambi za pembezoni mwa Goma walilazimika kuhama mara nyingine mwezi wa Februari 2025, kambi hizo zilipovunjwa baada ya M23 kuuteka mji wa Goma.

Tumetaja tarehe hizi kwa sababu ya kisaikolojia. Vitabu vingi vya saikolojia tunavyosomeshwa huzungumzia pigo moja lililopita: ajali, moto, shambulio. Mtu hupigwa, hatari huondoka, kisha mwili wake huendelea kupiga mbiu ilhali adui ameshakwenda. Tiba yake ni kuufundisha mwili kwamba yaliyopita yamepita. Lakini mtu wa Kitshanga aliyezaliwa mwaka 1990 amekimbia akiwa mtoto, amekimbia akiwa kijana, na amekimbia akiwa mzazi. Kwake yeye mbiu haikukosea. Mara kwa mara ilikuja kuthibitishwa.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi anayesoma Goma huku wazazi wake wakiwa wamebaki Kitshanga. Anaketi darasani, na mtandao wa simu wa kwao umekatika tangu jana. Hajui kama ukimya huo ni wa mitambo au ni wa mapigano. Mwalimu anaeleza hatua tatu za Selye, na mwanafunzi anaziandika daftarini, lakini sehemu kubwa ya akili yake imo barabarani kati ya Sake na Mweso. Akishindwa mtihani huambiwa kwamba hana bidii. Huo ni uchunguzi mbovu. Akili ya mtu haina nafasi isiyo na kikomo ya kushika mambo kwa wakati mmoja, na hofu huchukua sehemu ya nafasi hiyo kabla ya somo kuingia. Ndiyo maana ya kubanana kwa mawazo.

5. Taamuli ni nini?

Kiswahili kina vitenzi kadhaa kwa shughuli za akili. Kuwaza ni kwa jumla. Kufikiri ni kuwaza kwa utaratibu kuelekea jibu. Kutafakari ni kufikiri kwa kina na kwa muda. Kutaamali, neno la kimaandishi zaidi lenye asili ya Kiarabu, ni kulitazama jambo kwa makini na kwa kutulia. Katika makala haya twatumia nomino taamuli kwa zoezi ambalo mtu huielekeza fahamu yake kwa makusudi kwenye jambo moja, huku akiyaacha mawazo mengine yapite bila kuyafuata wala kuyafukuza.

Zoezi hili si geni katika ulimwengu wa Kiswahili. Waislamu wa pwani huvuta uradi, wakirudia maneno machache kwa kipimo cha pumzi, na katika tarika za Kisufi dhikri hufanywa kwa pamoja. Watawa wa Kikristo husoma aya polepole na kukaa nayo kimya. Wabudha wa Asia wamekuwa na mafunzo ya kuitazama pumzi kwa zaidi ya miaka 2,000. Katika karne ya 20 madaktari walianza kuyapima mazoezi hayo nje ya dini. Mwaka 1975 Herbert Benson wa Marekani alichapisha kitabu kilichoeleza kuwa mwili una hali iliyo kinyume cha mbiu ya Cannon, na kwamba miongoni mwa mambo yanayoileta ni haya mawili: kuwa na kitu kimoja cha kurudia, kama neno au pumzi, na kutojilaumu akili inapotangatanga, bali kuirudisha taratibu. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha katika Chuo Kikuu cha Massachusetts mafunzo kwa wagonjwa wenye maumivu ya kudumu, nayo yakaenea duniani.

Kwa nini pumzi? Mapigo ya moyo hatuwezi kuyaamuru, wala tezi zetu. Pumzi iko mpakani: huenda yenyewe tukilala, na hututii tukitaka. Tena kila mtu avutapo pumzi moyo huongeza kasi kidogo, na aitoapo hupunguza. Kuirefusha pumzi inayotoka, basi, ni kuupelekea moyo ujumbe wa kupoa kwa njia ya neva iitwayo vagasi. Hapa tena lugha ilitangulia. Katika Kiswahili kupumzika kumetokana na pumzi: aliyepata nafasi ya kupumua ndiye aliyepumzika. Na aliyenusurika na jambo husemwa kuwa ameshusha pumzi, kana kwamba alikuwa amejitwika.

6. Ushahidi na kipimo chake

Wapo wanaoisifu taamuli kama dawa ya kila kitu, na wapo wanaoidharau kama mtindo wa matajiri. Utafiti hauwaungi mkono kikamilifu wowote kati yao. Mwaka 2014 Madhav Goyal na wenzake walichapisha uchambuzi wa majaribio 47 yaliyohusisha watu 3,515. Waliona kuwa mafunzo ya taamuli hupunguza kwa kiasi kidogo hadi cha wastani wasiwasi, unyonge na maumivu. Hawakupata ushahidi kwamba huzipita njia nyingine za kutibu, kama vile dawa na mazoezi ya viungo. Kwa hiyo ni kifaa kimoja miongoni mwa vifaa.

Kuhusu watu waliokimbia vita, mfano ulio karibu nasi ni wa Uganda. Katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, Wietse Tol na wenzake waliwafundisha wanawake kutoka Sudan Kusini kwa vikao 5 vya kikundi, wakitumia sauti zilizorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba. Mafunzo hayo, yaliyotayarishwa na Shirika la Afya Duniani, yalihusu kukaa imara wakati hisia zinapovuma, kuyaona mawazo mazito bila kuburutwa nayo, na kutenda yale mtu anayoyathamini. Wanawake 694 wa vijiji 14 walishiriki katika jaribio, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2020. Miezi 3 baadaye dhiki ya waliofundishwa ilikuwa imepungua zaidi kuliko ya wenzao waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Tuangalie kwamba hapakuhitajika daktari bingwa. Palihitajika sauti iliyosema lugha ya wasikilizaji.

Katika mashariki ya Kongo yenyewe, Judith Bass na wenzake walichapisha mwaka 2013 jaribio la tiba ya mazungumzo kwa wanawake walionusurika na ukatili wa kijinsia. Tiba hiyo si taamuli, lakini inagusa hoja yetu, maana huwafundisha watu kuyachunguza mawazo yanayowarudia, kama vile "ni kosa langu." Ilitolewa kwa vikundi na wasaidizi wa kijamii wasio madaktari, na ilirahisishwa ili iwafae wasiojua kusoma. Wanawake 157 wa vijiji 7 walipata tiba hiyo, na 248 wa vijiji 8 walipata msaada wa mtu mmoja mmoja. Miezi 6 baada ya tiba, waliokuwa bado na dalili nzito za unyonge au wasiwasi walikuwa asilimia 9 katika kundi la kwanza na asilimia 42 katika kundi la pili. Mafanikio hayo yalipatikana mahali ambapo usalama haukuwa umerudi. Hivyo hakuna haki ya kumwambia mtu wa Kivu kwamba asubiri amani ndipo atibiwe.

7. Mipaka ya utulivu

Kilomita chache kutoka Kitshanga, karibu na maziwa ya Mokoto, watawa wa Kitrapisti kutoka Ubelgiji walijenga katika miaka ya 1950 nyumba ya watawa. Shirika lao hufuata kanuni ya Mtakatifu Benedikto na linajulikana kwa ukimya, kazi za mikono na sala za saa maalumu. Kama pana mahali pa taamuli katika Masisi, ndipo hapo. Mwezi wa Mei 1996 watu waliokuwa wamekimbilia humo kutafuta usalama walishambuliwa na wengi waliuawa, nao watawa wakalazimika kuondoka.

Hatulitaji jambo hili ili kuubeza ukimya. Twalitaja kwa sababu linaonyesha mpaka wake waziwazi. Utulivu wa ndani haukuwa ngao ya watu wale, wala haukuahidi kuwa ngao. Tukirejea maneno ya Lazarus na Folkman, taamuli huongeza uwezo wa mtu wa kukabili. Haibadili hali inayombana. Mtu mwenye njaa akifundishwa kupumua atabaki na njaa. Anayeshauri wakimbizi watulie pasipo kuwatafutia chakula, shamba na usalama ameigeuza elimu kuwa njia ya kuwanyamazisha.

Mpaka wa pili ni wa kitabibu. Kwa aliyeona maafa, kufumba macho na kukaa kimya kwaweza kuyafungulia mlango yale aliyokuwa ameyazuia. Mtu wa namna hiyo afanye zoezi macho yakiwa wazi, miguu ikikanyaga ardhi, na ayataje kwa jina mambo matano anayoyaona mbele yake. Kama picha za yaliyopita humvamia, kama hajalala kwa majuma, au kama anawaza kujiua, asiachwe na zoezi la pumzi peke yake. Apelekwe kwa wahudumu wa afya. Mjini Goma Mabruda wa Upendo walianzisha kituo cha afya ya akili kinachoitwa Tulizo Letu. Jina hilo lastahili kutazamwa. Tulizo latokana na tulia, na tulia yatokana na tua: kushusha mzigo, na pia kushuka kwa ndege kitini mwake. Kivumishi cha umilikaji nacho kinasema kwamba mzigo hutuliwa kwa pamoja.

Mpaka wa tatu ni wa kijamii. Mafunzo mengi ya taamuli yaliyotoka Marekani humweka mtu peke yake na pumzi yake. Huko Masisi huzuni hubebwa na wengi: kilio cha wafu, kwaya, jirani anayekuja kuketi bila kusema neno. Palipo na vita, vitu hivyo huvunjika pamoja na nyumba, kwa sababu watu hutawanyika. Zoezi linalofanywa kikundini, kama lile la Rhino Camp, hurudisha mambo mawili kwa mkupuo mmoja: pumzi na jirani.

8. Zoezi kwa msomaji

Msomaji atakayependa kujaribu aweza kufuata utaratibu huu. Aketi mgongo ukiwa umenyooka, miguu yote miwili chini. Avute pumzi kwa pua akihesabu hadi 4, aitoe polepole akihesabu hadi 6. Fahamu yake ifuate pumzi tu. Baada ya muda mfupi ataona kwamba anawaza deni la ada au simu isiyopatikana. Hapo ndipo zoezi lilipo: alitaje wazo hilo kwa jina kimoyomoyo, "hofu" au "kumbukumbu", kisha arudi kwenye pumzi. Akitangatanga mara 20 katika dakika 10, na akarudi mara 20, hajashindwa. Amefanya mazoezi 20. Kisha ajiulize swali moja: katika yale yaliyonibana, lipi naweza kulitendea jambo leo? Swali hilo hufunga mlango wa kucheua na kufungua ule wa kufikiri.

9. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba msongo wa mawazo una mwili, una tathmini na una historia, na kwamba taamuli hugusa viwili vya kwanza na kuuacha wa tatu mikononi mwa jamii na wenye madaraka. Tumeonyesha pia kwamba maneno ya Kiswahili hayako nyuma ya elimu hii. Dhiki, faraja, pumzi na tulizo yanabeba maelezo ambayo mwalimu aweza kuyatumia kesho darasani.

Limebaki jukumu la vyuo. Tangu mageuzi ya mwaka 1971, Kitivo cha Saikolojia na Sayansi za Elimu kilipowekwa Kisangani, wanasaikolojia wengi wa Kongo wamesoma na kuandika kwa Kifaransa. Hatupendekezi Kifaransa kiachwe. Twapendekeza kila mwanafunzi wa saikolojia anayetoka Kivu aandae, pamoja na tasnifu yake, orodha ya maneno ambayo watu wa kwao huyatumia kwa huzuni, hofu na nafuu, pamoja na mifano ya sentensi. Idara za Kiswahili zisaidie kuyahariri na kuyalinganisha na istilahi za Tanzania na Kenya, bila kuyafuta yaliyo ya wenyeji. Siku mama mmoja wa Kitshanga atakaposema kwamba ana mawazo mengi, msikilizaji wake aliyesoma ayaelewe maneno hayo mara moja, na ajue la kuuliza baada yake.